Sakafu Kuukuu, Sebule Mpya: Kupamba Nyumba Bila Kung'oa Vigae

Katika nyumba nyingi za mijini Afrika Mashariki, sakafu ndiyo hudumu kuliko karibu kila kitu kinachoizunguka, kwa kuwa kuta hupakwa rangi upya kila baada ya miaka michache, mapazia hupauka, makochi huchakaa na kubadilishwa, ilhali kigae kilichobandikwa vizuri juu ya zege huweza kukaa miaka hamsini bila kutikisika. Udumu huo ndio sifa yake, na ndio pia unaozaa tatizo, maana vigae vya waridi hafifu, vya kahawia au vya kuiga jiwe, vilivyokuwa fahari ya sebule katika miaka ya 1990, leo huonekana vimepitwa na wakati, na mwenye nyumba hujiona amebakiwa na njia mbili tu, ama kuving'oa kwa gharama na vumbi, ama kuvivumilia. Iko njia ya tatu, nayo ni kuifanya sakafu kuwa msingi wa mapambo yote mengine. Kigae cha zamani mara chache huwa kibaya chenyewe. Ubaya unaoonekana hutokana zaidi na vitu vilivyowekwa juu yake na kando yake bila yeyote kukizingatia.

Sakafu zinazorithiwa

Kabla ya kuamua lolote ni lazima kwanza ijulikane sakafu iliyopo ni ya aina gani, kwa sababu kila aina ina tabia yake, dawa yake na hatari yake. Iliyo ya heshima zaidi miongoni mwa sakafu kongwe ni ile ya vigae vya saruji vyenye nakshi, ambavyo hupatikana katika baadhi ya nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Mombasa na katikati ya Dar es Salaam. Vigae hivi vilianza kutengenezwa kusini mwa Ufaransa na Hispania katikati ya karne ya 19, baada ya saruji ya kisasa kupatikana, na baadaye vikaenea hadi India, ambako kiwanda mashuhuri cha Bharat kilianzishwa mjini Bombay mwaka 1922. Havichomwi motoni kama vigae vya udongo. Saruji iliyochanganywa na rangi humiminwa kwenye kalibu yenye vyumba vya nakshi, hufunikwa kwa mchanganyiko wa saruji na mchanga, kisha hugandamizwa kwa mashine na kuachwa ikomae kwa unyevu, kiasi kwamba rangi yake huwa na unene wa milimita kadhaa na haifutiki upesi kwa kukanyagwa.

Aina ya pili ni terazo, yaani sakafu ya saruji iliyochanganywa na vipande vidogo vya mawe, hasa marumaru, kisha ikasagwa na kusuguliwa mpaka ikalainika na kung'aa. Hii ilipendwa katika majengo ya umma, shule, hospitali na nyumba za ghorofa zilizojengwa katika miongo iliyotangulia na kufuatia uhuru. Aina ya tatu ni sakafu ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu na kung'arishwa kwa nta, ambayo si kigae lakini huleta maswali yale yale ya mapambo. Aina ya nne ni vigae vya plastiki, vyembamba na vilivyobandikwa kwa gundi nyeusi, vilivyotumika sana duniani kati ya miaka ya 1950 na 1970.

Aina ya tano, ambayo ndiyo inayolalamikiwa zaidi, ni vigae vya udongo uliochomwa katika joto linalozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi na kufunikwa kwa utando mwembamba wa kioo unaobeba rangi na picha. Nchini Tanzania, ambako vigae hivyo mara nyingi huitwa marumaru ijapokuwa si jiwe hilo, vilianza kuenea katika nyumba za watu wa kawaida baada ya masharti ya biashara ya nje kulegezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, na kwa muda mrefu ukubwa uliozoeleka ulikuwa sentimita 30 kwa 30. Vigae vya sentimita 60 kwa 60 vilipozidi madukani, na viwanda vipya vilipofunguliwa katika Mkoa wa Pwani nchini Tanzania na katika Kaunti ya Kajiado nchini Kenya kwenye muongo wa 2010, vile vidogo vikaanza kuonekana vya kizamani, ingawa ubora wake haukupungua hata kidogo.

Rangi haikai peke yake

Anayetaka kuelewa kwa nini kigae kile kile huonekana kizuri katika nyumba moja na kibaya katika nyingine atanufaika kwa kufahamu ugunduzi uliofanywa Paris karibu karne mbili zilizopita. Mwaka 1824 mwanakemia Michel Eugène Chevreul aliteuliwa kusimamia shughuli za kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha serikali cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, na akakuta malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilizotiwa rangi hapo zilikuwa hafifu, hasa zilipofumwa karibu na bluu na urujuani. Alipozichunguza aligundua kwamba dawa ya rangi haikuwa na kasoro, bali jicho la mtazamaji ndilo lililokuwa likiuona weusi ule tofauti kwa sababu ya rangi zilizopakana nao. Maelezo yake, aliyoyachapisha katika kitabu kikubwa mwaka 1839, ndiyo yanayojulikana kama kanuni ya ukinzani wa papo hapo, kwa maana kwamba rangi mbili zinapokaa pamoja kila moja huisukuma nyenzake kuelekea upande ulio kinyume nayo.

Kanuni hiyo ndiyo inayofanya kazi katika sebule. Kigae cha waridi hafifu kikiwekwa chini ya ukuta wa kijani huzidi kuonekana cha waridi, kwa kuwa kijani ni kinyume cha wekundu. Kigae cha njano ya mchanga kikikutana na ukuta wa bluu huelekea rangi ya chungwa. Na kigae cha krimu kikizungukwa na kuta nyeupe pepe huonekana kana kwamba kimechafuka, hata kama kimetoka kupigwa deki dakika hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu anayepaka kuta zote rangi nyeupe kali akitumaini kwamba weupe utaisahaulisha sakafu, kwa kawaida hupata matokeo yaliyo kinyume cha matarajio yake, kwani weupe huo huigeuza sakafu kuwa kitu cha kwanza kinachoonekana na mgeni anayeingia mlangoni.

Kanuni hiyo hiyo, hata hivyo, inaweza kugeuzwa kuwa msaada. Rangi hafifu ikiwekwa karibu na rangi ya ukoo wake iliyo na nguvu zaidi hufifia na kuonekana ya wastani, na ndiyo sababu zulia au mito ya makochi yenye rangi ya tofali au ya damu ya mzee huweza kukipunguzia kigae uwaridi wake, ilhali zulia la kijivu baridi hukizidishia. Jambo hili huwashangaza wengi, kwa sababu silika humwelekeza mtu kuikimbia rangi asiyoipenda, kumbe dawa yake imo ndani ya ukoo wa rangi hiyo hiyo.

Kuisoma sakafu

Hatua ya kwanza ya vitendo ni kuitambua rangi ya ndani ya kigae, yaani ule mwelekeo wa wekundu, unjano, ukijani au ubluu uliojificha ndani ya rangi ambayo kwa haraka mtu angeiita krimu, kijivu au kahawia. Njia rahisi ni kuosha vigae vichache vizuri, kuweka juu yake karatasi nyeupe isiyo na mistari, kisha kutazama kigae kinaelekea wapi kikilinganishwa na weupe huo. Zoezi hilo lifanywe asubuhi, adhuhuri na usiku taa zikiwa zimewashwa, kwa kuwa mwanga hubadilika na kigae hubadilika nao. Iwapo kigae kina madoa au mishipa ya rangi kadhaa, inafaa kuziorodhesha zote kutoka iliyo nyingi hadi iliyo chache, maana ile iliyo chache, kwa mfano mshipa mwembamba wa kijivu cha kijani ndani ya kigae cha mchanga, mara nyingi ndiyo inayofaa kupandishwa ukutani au kwenye mapazia.

Mwanga wenyewe unastahili kuzingatiwa kwa namna ya pekee katika nchi zilizo karibu na ikweta. Jua la huku hupanda karibu utosini, hivyo sehemu kubwa ya mwanga unaoingia ndani hutokana na kuakisiwa na ardhi ya nje na sakafu ya karibu na dirisha, kisha hupanda kutani na darini ukiwa umebeba kiasi fulani cha rangi ya vitu ulivyovigusa. Sakafu nyekundu iliyong'arishwa, kwa mfano, huweza kuipa dari nyeupe wekundu hafifu wakati wa mchana. Pale ambapo kigae ni cha kung'aa sana na dirisha ni pana, pazia jepesi linalopitisha mwanga hupunguza mng'ao unaoumiza macho na wakati huo huo huituliza rangi ya sakafu bila kukigeuza chumba kuwa pango.

Usiku kazi hiyo huachiwa balbu, na hapa ndipo makosa mengi hutendeka kwa gharama ndogo. Rangi ya mwanga wa taa hupimwa kwa kizio kiitwacho Kelvini: balbu ya Kelvini 2,700 hadi 3,000 hutoa mwanga wa njano uliotulia, ya 4,000 hutoa weupe wa wastani, na ya 6,500 hutoa weupe unaoelekea bluu. Balbu za kundi hili la mwisho zimejaa madukani na hupendwa kwa kuwa huonekana kali, lakini chini yake vigae vya krimu na kahawia hupoteza uchangamfu na kuonekana vimechuja. Kwa hiyo katika nyumba yenye sakafu ya rangi za joto, yaani za ukoo wa nyekundu, njano na kahawia, kubadilisha balbu za sebuleni ndilo badiliko la kwanza linalofaa kujaribiwa, kwa kuwa halihitaji fundi wala siku ya kupumzika kazini.

Mistari kati ya vigae

Kinachoonekana kuwa uzee wa kigae mara nyingi ni uzee wa grauti, yaani ile saruji laini inayojaza nafasi kati ya kigae na kigae. Kigae chenye utando wa kioo hakinyonyi uchafu kwa urahisi, lakini grauti ya saruji ina vitundu vidogo vinavyonyonya maji machafu ya deki, mafuta ya jikoni na vumbi, mpaka mistari iliyokuwa myeupe ikawa myeusi katikati ya chumba na kubaki myeupe pembezoni mwa kuta. Mistari hiyo huchora gridi juu ya sakafu nzima, na kadiri kigae kilivyo kidogo ndivyo gridi inavyokuwa nyingi, jambo linaloeleza kwa nini vigae vya sentimita 30 huchosha macho upesi kuliko vile vikubwa.

Tiba yake ni kuisugua grauti kwa brashi ngumu na sabuni isiyo na asidi, na ikiwa haikutakata, kuikwangua kwa kina cha milimita mbili au tatu na kuijaza upya kwa grauti ya rangi inayokaribiana na kigae. Rangi inayokaribiana huificha gridi na kuifanya sakafu ionekane kama uwanda mmoja, ilhali rangi inayopingana, kama nyeusi juu ya kigae cheupe, huikuza gridi na hufaa pale tu ambapo vigae vilipangwa kwa unyoofu usio na shaka. Kazi hiyo ina vumbi na inahitaji subira, lakini gharama yake ni sehemu ndogo tu ya gharama ya sakafu mpya.

Tahadhari mbili ni za lazima katika usafi wa namna hii. Ya kwanza ni kwamba asidi, ikiwemo ile ya kusafishia vyoo na hata siki au maji ya limao, hula saruji na marumaru, hivyo isitumike kabisa kwenye terazo, kwenye vigae vya saruji vyenye nakshi wala kwenye sakafu ya saruji iliyong'arishwa, kwa kuwa itaacha mabaka yasiyong'aa ambayo hayaondoki mpaka sakafu isagwe upya. Ya pili inahusu uhai wa mtumiaji: dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini haipaswi kamwe kuchanganywa na asidi wala na amonia, kwa sababu michanganyiko hiyo hutoa gesi zenye sumu zinazodhuru mapafu, hasa katika bafu lisilo na dirisha.

Kuta, mikeka na samani

Baada ya sakafu kusomwa na kusafishwa, uchaguzi wa rangi ya ukuta huwa mwepesi. Ukuta unaotulia na vigae vya rangi za joto ni ule wenye weupe uliochanganywa na tone la rangi hiyo hiyo ya sakafu, kwa mfano weupe wa maziwa, wa pembe za ndovu au wa chokaa, na si weupe pepe unaoelekea bluu. Mwenye kupenda rangi yenye uzito zaidi anaweza kuchukua ile iliyo chache ndani ya kigae na kuipaka kwenye ukuta mmoja. Rangi ijaribiwe kwanza juu ya kipande cha mbao au kadibodi kubwa, ambacho huegemezwa ukutani kikigusa sakafu na kutazamwa kwa siku mbili au tatu, kwa kuwa kipande kidogo cha rangi kwenye kitabu cha dukani hakina jirani wa kukisukuma, ilhali ukuta utakuwa na jirani mkubwa chini yake maisha yake yote.

Nakshi nayo ina kanuni yake. Sakafu ya vigae vya saruji vyenye maua na nyota tayari imesema mengi, na mapazia ya maua juu yake huzua ugomvi. Inahitaji kuta tulivu, samani zenye mistari michache na vitambaa vya rangi moja. Kinyume chake, sakafu ya rangi moja isiyo na uhai hupokea vizuri kanga, vitenge na mito yenye nakshi. Pale mtu anapotaka kuunganisha nakshi mbili, inafaa zitofautiane sana kwa ukubwa, kubwa kwa ndogo, kwa kuwa nakshi zinazolingana hupigania jicho la mtazamaji na hakuna inayoshinda.

Kwa upande wa kufunika, mkeka wa ukindu una faida ambazo zulia la kiwandani halina katika miji ya mwambao. Hauhifadhi joto wala unyevu mwingi, hukunjwa na kutolewa juani, na rangi ya asili ya ukindu, iliyo kati ya mchanga na asali, hukubaliana na karibu kila kigae cha rangi za joto, huku michirizi iliyotiwa rangi ikitoa nafasi ya kuokota rangi moja kutoka sakafuni. Zulia nene hufaa zaidi katika miji ya nyanda za juu kama Nairobi, Arusha au Mbeya, ambako vigae huwa baridi asubuhi. Kosa linalorudiwa mara kwa mara ni kununua zulia dogo linaloelea katikati ya sebule mbele ya meza, kwani huikata sakafu vipande na kuifanya ionekane zaidi. Zulia linalofanya kazi yake ni lile ambalo angalau miguu ya mbele ya makochi yote hulikanyaga, likiacha ukingo wa kigae wa kama sentimita 30 hadi 45 kuzunguka chumba, na liwekewe chini yake kitambaa cha mpira kinachozuia kuteleza, hasa katika nyumba yenye wazee au watoto.

Samani za mbao zina jambo moja la kuangaliwa, nalo ni kwamba mbao nyekundu kama mninga juu ya kigae cha kahawia nyekundu humezwa, hivyo ama ziinuliwe kwa miguu myembamba ili nuru ipite chini yake, ama zitenganishwe na sakafu kwa mkeka wa rangi nyepesi. Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kugusa kuta wala vigae, mkeka, balbu na mpangilio wa samani pekee huweza kubadilisha sehemu kubwa ya sura ya chumba, na vyote huondoka naye siku anapohama.

Kufunika au kung'oa

Zipo sakafu ambazo mapambo hayawezi kuziokoa. Kigae kinachotoa sauti tupu kikigongwa kimeachana na zege, nyufa zinazovuka vigae vingi kwa mstari mmoja zaweza kuwa dalili ya tatizo la msingi wa nyumba, na kigae kinachoteleza bafuni ni hatari bila kujali uzuri wake. Katika hali hizo fundi aitwe kabla ya mpaka rangi.

Pale kigae kilipo kizima lakini hakipendezi hata baada ya jitihada zote, kubandika kigae kipya juu ya cha zamani kwa gundi maalumu huepusha kazi ya kubomoa, ila huinua sakafu kwa milimita 12 hadi 15 hivi, na kwa hiyo milango hulazimika kukatwa chini na vizingiti vya bafu kupangwa upya ili maji yasirudi sebuleni. Uzito nao ni jambo la kuhesabiwa, kwa kuwa vigae vya kawaida vina uzito wa takriban kilo 20 kwa kila mita ya mraba, bila gundi, maana yake chumba cha mita 20 za mraba huongezewa kilo 400 au zaidi. Zege la chini hubeba mzigo huo bila shida, lakini ghorofa kongwe za mwambao zilizojengwa kwa mawe, chokaa na boriti za mikoko hazipaswi kuongezewa uzito kabla ya kukaguliwa na mhandisi. Na ndani ya maeneo ya hifadhi kama Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, ruhusa ya mamlaka ya hifadhi iulizwe kabla ya kugusa kitu.

Rangi ya kupaka juu ya vigae ni nafuu, lakini hudumu tu iwapo kigae kimeondolewa mafuta, kimekwaruzwa kwa msasa na kupakwa rangi ya kwanza ya kushikiza, na hata hivyo huchubuka mapema mlangoni, jikoni na kila mahali penye maji. Karatasi za plastiki za kubandika huonyesha mistari ya grauti iliyo chini yake isipojazwa kwanza, na gundi yake huweza kulainika pale jua linapopiga sakafu moja kwa moja. Ama vigae vya plastiki vya kabla ya miaka ya 1980, hasa vile vya inchi 9 kwa 9, huenda vina asbesto, ambayo nyuzi zake zikivutwa puani huharibu mapafu. Visivunjwe wala kupigwa msasa, na vikiwa vizima njia salama ni kuviacha mahali pake na kuvifunika.

Anayeamua kuweka vigae vipya atajisaidia kwa kununua ziada ya asilimia 5 hadi 10 na kuhakikisha kwamba namba ya toleo iliyoandikwa kwenye maboksi yote ni moja, kwa sababu kila mchomo wa tanuri hutofautiana kidogo kwa rangi na vipimo, na kigae kilichokosekana leo huenda kisitengenezwe tena mwakani. Kwa wengine wote, mpangilio wa busara ni kwenda kutoka kilicho rahisi kurudishwa hadi kisichorudishika, yaani kuanza na usafi na balbu, kufuata na grauti, kisha mikeka na vitambaa, kisha rangi ya ukuta, na kuiacha nyundo iwe ya mwisho. Wengi wanaofuata mpangilio huo watakuta kwamba pesa zilizotengwa kwa ajili ya sakafu zinaweza kutumika kwa jambo jingine ambalo nyumba ilikuwa ikilihitaji zaidi.